Kevin Warsh na riba ambayo haitatufikia

Tangu Rais Donald Trump atangaze, Januari 30, 2026, kwamba anamtaka Kevin Warsh amrithi Jerome Powell katika uenyekiti wa Benki Kuu ya Marekani, wachambuzi wa huku kwetu wamegawanyika makundi mawili. Wa kwanza wanasema mtu wa Wall Street amekabidhiwa ufunguo wa ghala, kwa hiyo benki kubwa zijiandae kushiba. Wa pili wanapiga hesabu tamu zaidi: aliyemteua anataka riba ishuke, basi riba itashuka, dola italegea, na shilingi, ya Nairobi na ya Dodoma, itapata nafasi ya kuvuta pumzi. Kwa maoni yangu wote wawili wamekodolea macho mlango ambao hapiti mtu. Riba anayoweza kuisukuma mwenyekiti wa benki ile ni ya mkopo wa usiku mmoja. Deni letu lililo ghali linapimwa kwa riba ya miaka saba, miaka kumi na kuendelea, na kuhusu riba hiyo ndefu msimamo wa Warsh unajulikana tangu 2010: anataka benki kuu ipunguze mkono wake sokoni, yaani ununuzi wake wa dhamana za serikali, karatasi za deni kama hatifungani. Anaweza kabisa kushusha riba ya kwanza na kuiachia ya pili ipande.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Warsh alizaliwa 1970, akasoma sera za umma Stanford, kisha sheria Harvard. Uchumi wa vitabuni hana shahada yake ya uzamivu. Mwaka 1995 alijiunga na Morgan Stanley, akakaa miaka saba katika idara ya kuunganisha na kuuziana kampuni. Kazi hiyo haimfundishi mtu kukisia mfumuko wa bei wa mwaka kesho. Inamfundisha kusoma mizania ya kampuni usiku, kujua nani ana fedha taslimu na nani anajifanya anazo, na kujua simu ipi ipigwe kabla soko halijafunguliwa Jumatatu. Mwaka 2002 akahamia Ikulu ya George W. Bush kama mshauri wa uchumi, na Februari 2006, akiwa na umri wa miaka 35, akaapishwa kuwa gavana wa Benki Kuu, mdogo kuliko wote waliowahi kukalia kiti hicho. Wakati ule waliolalamika kwamba ni mtoto na hajui uchumi walikuwa wengi, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi.

Halafu ikaja 2008, na ghafla ujuzi uliodharauliwa ukawa ndio unaotafutwa. Benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers ilianguka Septemba 15. Kesho yake benki kuu ikatangaza mkopo wa hadi dola bilioni 85 kwa kampuni ya bima ya AIG. Jumapili ya Septemba 21, Goldman Sachs na Morgan Stanley zikakubaliwa kuwa kampuni zinazomiliki benki, jambo lililoziweka chini ya usimamizi wa Benki Kuu na kuzipa njia ya kudumu ya kukopa kutoka kwake. Katika wiki hizo Warsh ndiye aliyekuwa kiungo kati ya Ben Bernanke, mwenyekiti wa Benki Kuu wakati huo na profesa aliyebobea katika historia ya mdororo wa miaka ya 1930, na wakuu wa benki za New York. Bernanke alijua nadharia ya kwa nini benki moja ikianguka inazivuta nyingine. Warsh alijua, kwa majina, nani anamdai nani.

Lakini wiki hiyohiyo ilionyesha pia upofu wa mtu wa soko, na hapa wanaomsifu huwa wanapita haraka. Kumbukumbu za kikao cha kamati inayopanga riba, cha Septemba 16, 2008, zilizotolewa hadharani 2014, zinaonyesha kwamba siku moja baada ya Lehman kuzama, Warsh alisema bado hayuko tayari kuacha wasiwasi wake juu ya mfumuko wa bei. Kamati nzima iliiacha riba palepale, asilimia 2. Mafuta yalikuwa yamefika dola 147 kwa pipa mwezi Julai, lakini siku ya kikao yalikuwa yameshaanguka kwa zaidi ya theluthi moja. Julai 2009 bei za walaji Marekani zilikuwa chini kwa asilimia 2.1 kuliko mwaka uliotangulia, na Oktoba ya mwaka huo ukosefu wa ajira ukafika asilimia 10. Aliyekuwa karibu kuliko wote na moto wa mabenki ndiye aliyekuwa anatazama moto usiokuwepo.

Ukizoea kuusoma uchumi kupitia bei za sokoni, unapata taarifa mapema kuhusu ukwasi, nani amekauka na nani atafilisika Ijumaa. Kuhusu mishahara, kodi za nyumba na ajira unapata taarifa mbovu, kwa sababu vitu hivyo havina bei inayobadilika kila dakika kwenye kioo. Warsh alirudia kosa la aina hiyo Novemba 2010. Benki Kuu iliamua kununua dhamana za serikali za dola bilioni 600. Alipiga kura ya ndiyo, kisha siku chache baadaye akaandika gazetini kuonyesha mashaka yake hadharani, na Machi 2011 akaondoka. Hofu yake ilikuwa kwamba fedha hizo zingepotosha bei za mali na kuchochea mfumuko. Bei zilipanda kidogo 2011, mafuta yakiwa sababu kubwa, kisha kwa sehemu kubwa ya muongo uliofuata mfumuko ukakaa chini ya lengo la asilimia 2. Kuhusu mfumuko alikosea. Kuhusu bei za mali hakukosea sana. Aliyekuwa na hisa na nyumba baada ya 2010 alineemeka kuliko aliyekuwa na mshahara peke yake.

Sasa turudi kwa kundi la kwanza, lile la ufunguo wa ghala. Hoja yao ndiyo dhaifu kuliko zote, na inavunjwa na mtu anayerithiwa. Powell naye hana shahada ya uchumi ya uzamili wala uzamivu. Ni mwanasheria aliyefanya kazi benki ya uwekezaji ya Dillon Read, kisha akawa mbia wa Carlyle, kampuni ya uwekezaji binafsi, kuanzia 1997 hadi 2005. Kama historia ya kazi ndiyo inayoamua, Powell angekuwa rafiki wa soko kuliko wote. Powell huyo ndiye aliyepandisha riba kutoka karibu na sifuri Machi 2022 hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50 Julai 2023, mara kumi na moja katika miezi kumi na sita, akawatia hasara wenye hatifungani duniani kote, na Silicon Valley Bank ikafa Machi 2023 ikiwa imekumbatia dhamana za muda mrefu zilizoshuka thamani. Kwa upande mwingine, Arthur Burns, mwenyekiti wa miaka ya 1970, alikuwa profesa mashuhuri, na bado anakumbukwa kwa kulegeza masharti kuelekea uchaguzi wa 1972 akiwa na Richard Nixon mgongoni. G. William Miller, aliyemrithi Burns, alitoka kwenye uongozi wa kampuni ya viwanda, akadumu mwaka mmoja na miezi kidogo, na mfumuko ukamshinda. Aliyemfuata, Paul Volcker, alikuwa ameshafanya kazi benki ya Chase Manhattan, naye ndiye aliyeuvunja. Shahada na mwajiri wa zamani havitabiri kitu hapa.

Hoja nzito ya wapinzani ni nyingine: kwamba Warsh alikuwa mkali wa riba wakati mfumuko haupo, na amekuwa mpole wakati ambapo rais anataka upole. Mwaka 2010 mfumuko ulikuwa chini ya lengo, akaonya. Mwaka 2025 ulikuwa juu ya lengo, akasema riba ishushwe. Mtu akiona mkono wa siasa hapo siwezi kumwambia anaota, hasa baada ya Powell kueleza hadharani Januari 11, 2026, kwamba Wizara ya Sheria imeipelekea benki hati za wito zinazohusu ushahidi wake juu ya ukarabati wa majengo, na kwamba yeye anaona sababu halisi ni riba. Utetezi wa Warsh ni kwamba akili bandia itaongeza tija na kupunguza bei, na kwamba benki ikipunguza mizania yake, yaani rundo la dhamana inazoshikilia, nafasi ya kushusha riba fupi inapatikana bila kuchochea mfumuko. Sehemu ya tija ni imani zaidi kuliko hesabu; hakuna anayejua lini tija hiyo itaonekana kwenye takwimu, na ujenzi wa vituo vya data kwanza unakula umeme, shaba na mafundi, yaani unapandisha bei kabla ya kuzishusha. Sehemu ya mizania ndiyo yenye nyama.

Tuanze na kura. Kamati inayopanga riba ina wapiga kura 12: magavana saba, rais wa benki ya New York, na marais wanne wa benki nyingine za mikoa wanaopokezana kila mwaka. Hukutana mara nane kwa mwaka. Mwenyekiti ana kura moja, ajenda na kipaza sauti. Desemba 2025 robo asilimia ilipita kwa kura 9 dhidi ya 3, na hao watatu hawakuwa upande mmoja: mmoja alitaka ipunguzwe nusu asilimia, wawili hawakutaka ipunguzwe kabisa. Mwenyekiti mpya hawezi kuingia na kuamuru, ingawa kwa miaka miwili au mitatu anaweza kuwavuta wenzake. Warsh anajua mambo ya vikao hivi kuliko anavyopewa sifa: mwaka 2014 Benki ya Uingereza, ikiongozwa na Mark Carney, mwingine aliyetokea Goldman Sachs, ilimpa kazi ya kupitia namna kamati yake inavyoamua na kutoa taarifa. Matokeo yake Uingereza ilianza kuchapa uamuzi na muhtasari wa kikao kwa pamoja, na mazungumzo kamili kufunguliwa baada ya miaka minane.

Riba yenyewe haipangwi kwa tamko. Benki za biashara zinaweka akiba Benki Kuu, nayo inazilipa, asilimia 3.65 baada ya kikao cha Desemba 2025. Hakuna benki itakayomkopesha jirani kwa chini sana ya hapo, kwa hiyo riba ya usiku mmoja ilikaa ndani ya 3.50 na 3.75. Mfumo huu unafanya kazi pale tu akiba inapokuwa tele. Na akiba ni tele kwa sababu Benki Kuu ilinunua dhamana nyingi: mizania yake ilikuwa chini ya dola trilioni 1 kabla ya 2008, ikafika karibu trilioni 9 mwaka 2022, kisha ikapunguzwa hadi takriban trilioni 6.5 mwishoni mwa 2025. Kuipunguza hakuna fujo: dhamana inaiva, serikali inailipa benki, benki hainunui nyingine. Fedha zinafutika.

Tatizo ni kujua ukomo uko wapi. Septemba 2019 akiba ilishuka chini kidogo ya trilioni 1.4, na wanahesabu wa benki wakaamini bado inatosha. Tarehe 16 mwezi huo kampuni zikatoa fedha kulipa kodi, na siku hiyohiyo wanunuzi wa dhamana mpya za serikali wakatakiwa kulipia. Kesho yake mkopo wa usiku mmoja kwa rehani ya dhamana za serikali, ambao kawaida ulikuwa kama asilimia 2, uligusa asilimia 10. Benki Kuu ikalazimika kumwaga fedha asubuhi. Kwa kuogopa marudio, upunguzaji wa safari hii ulisimamishwa Desemba 1, 2025, na ndani ya wiki mbili benki ikaanza kununua tena dhamana za muda mfupi, dola bilioni 40 kwa mwezi wa kwanza. Warsh anayetaka mizania ndogo anaingia nyumba ambayo fundi ametoka kuziba bomba juzi. Ili apunguze zaidi, lazima kwanza alegeze kanuni zinazozilazimisha benki kushika akiba nyingi, au akubali kwamba riba ya usiku itakuwa inarukaruka siku za kodi.

Na mnunuzi mkubwa akijitoa, nani atazibeba dhamana za serikali ya Marekani, yenye deni lililopita dola trilioni 38? Wapo, lakini watadai malipo ya ziada kwa kushika karatasi ya miaka kumi. Hayo malipo ya ziada ndiyo yanayosahauliwa na kundi la pili. Ushahidi ni wa juzi tu. Kati ya Septemba na Desemba 2024 Benki Kuu ilipunguza riba yake kwa asilimia 1 kamili. Riba ya dhamana ya miaka kumi ilikuwa karibu 3.6 kabla ya kuanza. Katikati ya Januari 2025 ilikuwa karibu 4.8. Fupi imeshuka hatua moja, ndefu imepanda zaidi ya hatua moja, miezi ileile.

Kwa Kenya hili si somo la darasani. Hatifungani za dola, zile zinazoitwa Eurobond, huuzwa kwa kuchukua riba ya dhamana ya Marekani yenye muda unaolingana na kuongeza juu yake hatari ya mkopaji. Mwaka 2014 Kenya ilikopa kwa miaka kumi kwa asilimia 6.875. Deni hilo, dola bilioni 2, lilipokaribia kuiva Juni 2024, shilingi ilikuwa imefika karibu 160 kwa dola mwezi Januari, na Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwa asilimia 9.75 ili kulipia sehemu kubwa ya deni hilo kabla ya wakati. Tofauti ya riba hizo mbili, kwa kiasi hicho, ni kama dola milioni 43 kila mwaka: zaidi ya shilingi bilioni 5 za Kenya kwa kiwango cha sasa. Sehemu ya tofauti hiyo ni dosari za Nairobi yenyewe, sehemu ni riba ndefu ya Marekani. Kwa kanuni rahisi, kila asilimia 1 inayoongezeka kwenye riba ndefu ni dola milioni 10 kwa mwaka kwa kila bilioni inayokopwa upya.

Riba fupi nayo ina mahali pake, na sitaki kuifuta. Mikopo ya kibiashara inayofuata riba ya usiku mmoja ya New York, inayoitwa SOFR, hupungua mzigo mara moja. Mkopo wa kibiashara wa reli ya Kenya kutoka China wa 2014 ulikuwa wa namna hiyo, ukipanda na kushuka na soko, na nyongeza ya asilimia 3.6. Ila Oktoba 2025 Hazina ya Nairobi ilitangaza kwamba mikopo mitatu ya reli imehamishwa kutoka dola kwenda yuani, ikiokoa dola milioni 215 kwa mwaka. Uamuzi huo ulikuwa na busara yake, lakini maana yake pia ni kwamba Warsh akishusha riba fupi, sehemu kubwa ya deni ambayo ingenufaika haiko tena kwenye dola. Kinachobaki ni upande wa sarafu: riba ya New York ikiwa chini, mwekezaji hana haraka ya kuhamisha fedha zake kutoka dhamana za Nairobi, na benki kuu inapata nafasi. Kenya imeshaitumia nafasi hiyo, ikishusha riba yake ya sera kutoka asilimia 13 katikati ya 2024 hadi 9 Desemba 2025. Tanzania, iliyoanza kutumia riba ya sera Januari 2024 tu, imekwenda polepole zaidi, kutoka 6 hadi 5.75 Julai 2025.

Kwa Tanzania njia ya Warsh inapita kwingine, kwenye dhahabu. Haina Eurobond ya kuiogopa, lakini dhahabu ndiyo inayoongoza mauzo yake ya bidhaa nje, na sheria ya madini sasa inawataka wachimbaji na wafanyabiashara watenge angalau asilimia 20 ya dhahabu kwa ajili ya kusafishwa na kuuzwa nchini, Benki Kuu ya Tanzania ikiwa mnunuzi. Wiki ileile ya tangazo la Januari wakia moja ilikuwa imevuka dola 5,000. Siku jina la Warsh lilipotajwa, bei ikaporomoka vibaya. Wauzaji hawakuwa wanafikiria riba ya usiku mmoja. Walikuwa wanafikiria mizania: kwamba huenda amekuja mtu ambaye hatachapisha fedha kufunika nakisi ya Washington, na hofu hiyo ya kuchapisha ilikuwa miongoni mwa sababu zilizoipandisha dhahabu. Benki Kuu ya Tanzania ambayo imekuwa ikijaza akiba yake kwa chuma hicho ina sababu ya kufuatilia hotuba za mwenyekiti huyu kuliko Nairobi.

Hata kama kila kitu alichoahidi kitatimia, basi, Nairobi itapata unafuu kwenye riba ya miezi mitatu na kuulipia kwenye ya miaka kumi, na Dodoma itauza dhahabu kwa bei inayotetemeka. Kama mfumuko wa Marekani utarudi wakati kamati imeshashusha riba, riba ndefu itapanda hata bila mizania kuguswa, na hapo Hazina yoyote yenye hatifungani inayoiva itajuta kusubiri. Mwenye deni la dola linaloiva 2027 au 2028 ana nafuu kulinunua vipande vipande wakati soko linafurahia jina jipya, kama Kenya ilivyofanya Februari 2024, kuliko kungoja riba ishuke zaidi.

Anayetaka kujua upepo unaelekea wapi asikae kusubiri vikao vinane vya mwaka. Benki Kuu ya Marekani huchapisha mizania yake kila Alhamisi saa 10:30 alasiri kwa saa za Washington, ambayo kwetu ni karibu na usiku wa manane. Mistari ya kutazama ni miwili: dhamana zinazoshikiliwa, na akiba za benki. Wa kwanza ukianza kupungua wiki hadi wiki huku wa pili ukikaribia kiwango kilicholeta kizaazaa cha 2019, meneja wa deni mjini Nairobi anatakiwa awe ameshapiga simu zake asubuhi ya Ijumaa.